Jaji wa Maisha pale Hayes

Shemeji yangu Abdulwakil hajawahi kutia mguu Marekani, na kwa hali ilivyo sasa hatautia. Lakini kwa miaka ishirini na ushei amekuwa akiwaamulia Wamarekani mambo yao kila Jumapili mchana, mpaka pale wanawake wa mazoezi ya Zumba wanapotugongea mlango kudai ukumbi wao. Amewafutia adhabu ya kifo, kisha akairudisha. Amewanyang'anya bunduki, akawarejeshea. Wamarekani wenyewe hawana habari, na hiyo ndiyo raha ya kazi yenyewe.

Niseme mapema kwamba mimi si mpole. Mpole ni dada yangu Ummukulthum, mkewe Abdulwakil. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, hapa Hayes, magharibi ya London, na mitaa ya jirani, na subira yangu yote inaishia kwa wateja. Ndugu zangu wanapata makombo.

Baraza letu lilianza mwaka wa elfu mbili na moja, wakati sisi Wapemba tulipokuwa tunafika London mmoja mmoja, kila mtu na hofu zake. Tulikodi ukumbi wa jamii karibu na stesheni ya Hayes ili tukutane, tusemezane lugha yetu, na watoto wajuane. Kitu cha kwanza tulichofanya ni kugombana. Tulizungumza siasa za nyumbani, na siasa za nyumbani vidonda vyake vilikuwa bado vibichi. Haukupita mwezi binamu wawili wakarushiana chupa ya chai, halua ikanata ukutani, na Jeff, msimamizi wa ukumbi, akatuambia tukirudia atatutoa sote. Siasa za Uingereza nazo tuliziogopa. Wengi wetu tulikuwa hatujapata makaratasi, na tuliamini, kwa ujinga wetu, kwamba ukimsema waziri Jumapili, Jumatatu Home Office, wizara inayotoa makaratasi, wanazo habari zako.

Tukabaki na Marekani. Ndiyo kwanza walikuwa wametoka kwenye uchaguzi wao uliokwama Florida, kura zinahesabiwa, zinasimamishwa, zinahesabiwa tena, mpaka mahakama ikaamua nani rais. Sisi tuliotoka kwenye uchaguzi wetu wa vurugu tulicheka mpaka machozi. Kumbe na wao! Na uzuri wake ni kwamba kule hakuna kati yetu aliyekuwa na kaka aliyepigwa. Ukimtukana gavana wa Florida, hakuna shangazi anayenuna.

Hata hivyo tuligombana. Wapemba tukikosa la kugombania tunaweza kugombania ukimya. Ndipo Abdulwakil alipotoa kanuni yake. Ukitaka kumbishia mtu, alisema, kwanza msemee. Simama utoe hoja zake kama vile ni zako, kwa nguvu zako zote, mpaka mwenyewe atamke: "Ndivyo." Asipotamka, huna ruhusa ya kubisha. Kaa chini unywe chai. Akishatamka, ndipo useme upande wako.

Usidhani alikuwa msomi. Alikuwa akipanga vyakula vya abiria wa ndege kwenye trei, katika kiwanda kimoja karibu na uwanja wa Heathrow, na ndege za Washington alizijua kwa harufu ya kuku tu. Alikosea mambo mengi. Mwaka mzima alishikilia kwamba jiji la Washington lina maseneta wawili kama majimbo mengine, mpaka Mahir akamsomea ukweli kwenye simu. Mahir ni mtoto wa rafiki yake marehemu, amekua mbele ya macho yetu akimwita ammi, kama nduguye babake, na sasa anafanya kazi ofisi ya mawakili. Abdulwakil alisikiliza, akakuna kidevu. "Basi wamedhulumiwa," akasema, na Jumapili iliyofuata tukabishana hilo.

Lakini alikuwa mtu wa haki. Mtu akikataa kutamka "ndivyo" kwa ukaidi tu, yeye ndiye alikuwa akiamua kama amesemewa sawasawa au la, na hakuna aliyewahi kutoka pale akisema ameonewa. Tukampa cheo cha Jaji. Akataka kiwe cha maisha, kama wale majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani, ambao hukaa kitini maadamu mwenendo wao ni mwema. "Jaji anayengoja kupigiwa kura," alisema, "atakutazama wewe usoni kabla hajaitazama haki." Tukakubali, tukidhani mzaha.

Nitoe mfano mmoja wa mambo yalivyokuwa. Rais wao alipotaka watoto wanaozaliwa kule na wazazi wasio na makaratasi wasipewe uraia, mimi nilisimama upande wa watoto. Upande wa pili alikuwa Mahendra, Mhindi mwenye duka la madaftari na kalamu pale Rayners Lane, mzaliwa wa Unguja, aliyeondoka kwao akiwa bado mtoto. Alisikia kwamba Hayes kuna watu wanazungumza kama alivyozungumza kwao, akaja na gari lake, na tangu hapo hakosi. Basi nikamsemea. Nikasema uraia haupaswi kuwa bahati ya wodi ya uzazi. Nikasema nchi ni watu waliokubaliana kuishi pamoja, na mwenye nyumba ana haki ya kujua nani kalala ndani. Nikasema ile sheria yao iliandikwa kwa ajili ya watoto wa watumwa, haikuandikwa kwa mtu aliyeshuka uwanja wa ndege wiki iliyopita. Nilisema vizuri mpaka nikajichukia.

Mahendra hakutamka "ndivyo." Jaji akamwuliza, "Kakukosea wapi, yakhe?"

"Hajakosea," Mahendra akasema. "Ila mimi nimezaliwa Unguja. Baba yangu kazaliwa Unguja. Halafu siku moja tukaambiwa kuzaliwa si kitu. Miaka yote nasema kweli, si kitu. Maana nikisema ni kitu, basi mimi niliibiwa."

Ndege ikapita juu yetu, chini kama zinavyopita Hayes, tukangoja iishe. Mambo ya nyumbani yalikuwa marufuku barazani, na Jaji alikuwa mkali kwa hilo. Siku ile hakukemea. Akasema, "Leo hatuamui," akammiminia Mahendra chai kwa mkono wake mwenyewe. Nilimpenda shemeji yangu siku ile kuliko siku zote.

Mwaka jana Mahendra alifiwa na mkewe, Sushila. Abdulwakil alikwenda msibani, alikaa naye kutwa, alilia. Baada ya miezi michache tuko barazani, akamgeukia Mahendra kwa uchangamfu: "Sushila hajambo?"

Nikaona Mahendra anavuta pumzi. "Hajambo," akajibu. "Anakusalimu."

Kabla chai haijapoa akamwuliza tena, naye akajibiwa vilevile. Mimi kazini nimeona mengi ya namna hii, nikajua pale pale. Usiku ule nililia peke yangu jikoni, mimi nisiyejua kulia. Dada yangu alikuwa anajua kitambo. Alikuwa akimfungia vifungo vya shati, akimwandikia majina ya wajukuu nyuma ya simu, na watu wakiuliza anajibu yeye kabla mumewe hajafungua kinywa.

Halafu hukumu zikaanza kupotea njia. Tunabishana bunduki, yeye anaamua adhabu ya kifo. Jumapili moja Imran, dereva wa teksi kutoka Woolwich, alikuwa akibishana na mwenziwe kuhusu maseneta: je, ni haki jimbo lenye watu kiganja kupata maseneta wawili sawa na jimbo lenye watu kama utitiri? Jaji akampa Imran ushindi. Baada ya chai akampa mwenziwe. Wote wawili wakakasirika kwelikweli, maneno yakapanda, na yakashuka mpaka kwenye mambo ya nyumbani, nani alikuwa chama gani, baba wa nani alifanya nini. Jeff akachungulia mlangoni. Imran akatoka, na Jumapili zilizofuata hakuja.

Ndipo Mahir akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Hoja ya wiki hii. Majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakae kitini maisha, au wapewe miaka kumi na minane basi? Mimi nasema kumi na minane."

Nikampigia simu papo hapo. "Mahir, we una haya? Unamzunguka mzee kwa Amerika?"

"Anti Ghalia, please. Yeye ndo alotufunza hivi. Kitu kikiuma, kipeleke Amerika kwanza. Watu wanaacha kuja, anti. Imran na mwenzake hawasalimiani. It's going to be like the first year, chupa na halua ukutani."

"Basi mwambie usoni."

"Siwezi. Weye waweza?"

Nikamkatia simu. Nilimchukia siku nzima, na nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa sahihi.

Jumamosi dada yangu akaniita kwake. Abdulwakil alikuwa amelala. Ummukulthum alikuwa anapika visheti vya barazani, hana haja ya kunitazama.

"Wakimvua kiti hatorudi pale," akasema. "Mie namjua. Ataona haya. Atakaa hapo sebuleni na telly mpaka basi. Dokta wa memory clinic, ile ya wasahaulifu, kasema azungumze, akae na watu. N'tampeleka wapi tena, Ghalia? Watoto wanamjibu kizungu."

Nina wateja wa namna hiyo. Unaingia asubuhi televisheni inawaka, unarudi jioni bado inawaka, na mtu yuko palepale alipokuwa. Sikutaka hayo yamfike shemeji yangu.

"Simama umtetee," dada akasema. "We Mungu kakupa mdomo."

Nikamwahidi. Usiku nilikaa kitandani na simu nikisoma kila kitu kuhusu wale majaji, nikapanga hoja zangu. Mahir angejuta.

Jumapili ukumbi ulijaa. Hata Imran alikuja, akakaa mbali na mwenziwe. Abdulwakil aliingia shati limepigwa pasi, kofia yake ya viua imekaa sawa, akakaa kitini pake. Mahir akasimama akasoma hoja. Hakuna aliyethubutu kumtazama Jaji. Sijui mpaka leo kama alielewa. Alicheka, yale macheko yake ya zamani.

"Hoja hii yanihusu miye," akasema, "na jaji haamui lake. N'tashuka nibishane. Ghalia, njoo ukae hapa."

Nikamtazama dada yangu, dada yangu akanitazama. Anayekaa kile kiti haruhusiwi kutetea upande wowote. Nilitaka kukataa, lakini yeye alikwishainuka, na ameshika mgongo wa kiti ananingojea, kama mtu anavyomshikia mgeni. Nikaenda nikakaa na hoja zangu zote kifuani.

Abdulwakil akasimama katikati. Kwa kanuni yake mwenyewe ilibidi aanze na upande wa Mahir.

"Mahir asema hivi," akaanza. "Asema walioandika kwamba jaji akae maisha, waliandika zama ambazo watu wakifa mapema. Leo mtu hukaa kitini miaka thelathini, akawahukumu wajukuu wa wale walomchagua. Asema rais mmoja hubahatika kuteua majaji watatu, mwengine hapati hata mmoja, kwa kudra ya vifo tu. Sasa hiyo ni serikali au ni bahati nasibu?"

Watu wakacheka. Alikuwa amerudi, yule wa zamani. Sauti ilikuwa yake, mikono yake, na kale kamwendo ka hatua mbili mbele moja nyuma. Nikaanza kutumaini.

"Asema tena. Jaji akiugua, nchi nzima yakaa kitandani pake. Hawa wamwombea apone, hawa wamwombea afe. Ni dhambi kuwafikisha watu pahala wakamwombea mzee kifo. Mpeni muda, hakuna atakayemwombea kifo."

Ndege ikapita. Ilipokwisha akasema taratibu zaidi.

"Na Mahir ana jengine, hataki kulisema kwa adabu yake. Jaji akili zikimpunguka, yeye ndiye wa mwisho kujua. Makarani wanajua. Wenziwe wanajua. Mkewe anajua, anamfichia, anachoka, hasemi. Wote wamwogopa au wamwonea huruma, na yeye kakaa pale anaamua mambo ya watu. Anawagombanisha, wala hajui. Nani atamwambia? Hakuna. Basi iweni na siku. Siku ikifika, anainuka. Ramadhani hufika mwisho, na hakuna asemaye Ramadhani imefukuzwa. Msingoje mpaka mtu akaaibika. Mpeni muda, mumsitiri."

Mahir alikuwa ameinamisha kichwa. Ilibidi ajibu. "Ndivyo," akasema. "Ndivyo, ammi." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Sasa ilikuwa zamu ya Abdulwakil kutoa upande wake, ule alioushikilia tangu siku ya kwanza. Tukangoja. Akatazama huku na huku, akatabasamu, akaenda akakaa kando ya mkewe. Akachukua kisheti.

Mimi ndiye niliyekuwa kitini, mimi ndiye niliyepaswa kusema. "Shemeji," nikasema, "na upande wako?"

"Si nshasema?" akajibu, akishangaa kidogo. "Upande wangu ndio huo."

Labda alisahau kwamba alikuwa akimsemea mwenziwe. Labda alijua vizuri kabisa alichokuwa anafanya. Nimemtazama usoni mara nyingi tangu siku hiyo na sijapata jibu, na dada yangu nimeogopa kumwuliza. Mahendra akasema kwa sauti ya chini, "Basi imekwisha," na kila mtu alielewa kwamba kiti kimemponyoka mzee. Ummukulthum alikuwa amemshika mumewe mkono, ananitazama mimi. Niliwaza ile sebule yao na ile televisheni.

"Haijesha," Mahir akasema.

Akasimama tena. "Kanuni ni kanuni. Kanisemea, na mimi n'tamsemea. Siwezi kushinda kabla sijamsemea."

Akafuta uso kwa mkono wa shati, akasimama palepale aliposimama Abdulwakil.

"Ammi Abdulwakil asema hivi. Jaji anayejua kwamba kesho atatafuta kazi nyengine, leo atamfikiria wa kumpa hiyo kazi. Tulikotoka tumewaona majaji wakitazama simu kabla ya kutoa hukumu. Mtu asiyetaka kitu kwako ndiye pekee atakayeweza kukwambia umekosea. Asema kumpa mtu kiti hakutoshi, umwondolee na hofu ya kukikosa. Asema, sawa, jaji atazeeka, lakini nchi inataka mtu mmoja anayekumbuka kwa nini kanuni zimewekwa, wakati wengine wote wana hasira na wamesahau. Asema wanasiasa ni wa upepo wa leo. Jaji ni wa siku ile watu watakapokuwa wanataka kukuua, na mtu mmoja tu amesimama na kusema, ngojeni, huyu naye asikilizwe."

Alizungumza bila karatasi. Maneno yote yalikuwa ya Abdulwakil, mengine kwa lafudhi yake, tuliyoyasikia miaka yote ile mpaka tukayazoea tusiyasikie. Imran alikuwa anatikisa kichwa kuitikia. Hata mimi, niliyesoma simu mpaka macho yakauma, sikuwa na hoja iliyofika robo ya zile.

Mahir akamaliza. Akaenda akachuchumaa mbele ya mzee, kwa sababu kanuni inataka jibu.

"Ndivyo, ammi?"

Abdulwakil alikuwa amesikiliza kila neno, kichwa upande, kisheti mkononi hakijaliwa. Uso wake ulikuwa umekunjuka kwa furaha.

"Mwanangu," akasema, "huyu unayemsemea ni nani? Mtu huyu ana hoja. Kwa nini hakuja mwenyewe? Mwambieni aje, akae nasi Jumapili."

Mahir aliinamisha uso magotini pa mzee. Dada yangu akamfuta mumewe makombo kwenye shati, akamwekea kofia sawa.

"Atakuja," akasema Ummukulthum. "Kila Jumapili n'tamleta miye."